Walioondoka Kabla ya Kostansia

Aliyemwambia Kostansia habari ya makaburi ni wifi yake Angelika, tena huku akikunja shuka za watu saba wanaobanana vyumba viwili, Kostansia na wanawe wakiwemo. Lile ghorofa jipya la Clintonville, huku Marekani, ambako Kostansia alipata nyumba na alitakiwa kutia saini kesho yake kabla ya saa sita mchana, limejengwa palipozikwa watoto watano wa walowezi wa kwanza. Walifukuliwa, wakahamishwa. Basi Kostansia akaketi kwenye benchi la nje ya duka la mashine za kufulia, mtoto mgongoni, asikie wakubwa wataamua nini. Wakubwa wenyewe walikuwa Zenoni, aitwaye Meja kwa kuwa hupaza sauti hata akiomba chumvi, na Wanjohi, aitwaye Profesa, Mkenya ambaye shahada yake ina mwaka wa saba. Angelika alimimina kahawa.

— Usitie saini, dada! — alifoka Meja. — Watoto wa miaka mia mbili hawana usingizi. Watataka kucheza na wako.

— Wataongea aje, bana? — aliuliza Profesa. — Hao ni Kiingereza cha kitambo.

— Yule mkubwa wa Kostansia hujibu Kiingereza hata ukimwita kula, — alisema Angelika. — Wataelewana vizuri mno. Ndiyo hatari!

— Unaona? Tena watano ni timu. Wanatafuta kipa.

— Meja, huyu wa mgongoni ana miezi tisa, — alisema Angelika.

— Ndiyo maana wanamtaka. Hatoki golini!

Profesa alikohoa kisomi.

— Kisayansi, shida ni lifti. Ikishuka inaweza kupitiliza.

— Iende wapi? — aliuliza Meja.

— Chini kwa wenyewe. Mlango ufunguke, wakuulize unaenda ghorofa ya ngapi.

Kahawa ilimpalia Meja.

— Basi apande ngazi!

— Na lile joto la sakafuni wakati wa baridi, — alinong'ona Angelika, — linapulizwa na nani?

Kostansia alifunika miguu ya mtoto, ingawa jua lilikuwa kali. Moyoni alishaanza kuiaga nyumba ile.

Hapo akatokea Nyanchama, nesi mgeni mtaani, na kapu lake la nguo mbichi.

— Kwani hao watoto walipelekwa wapi?

 

— Walihamishwa, — alisema Meja, kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo.

— Sawa. Wapi?

Angelika alitikisa chupa. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Asubuhi yake Kostansia aliingia ofisi ya ghorofa, akauliza swali lile lile. Mama wa mapokezi akamwandikia mahali na namba ya basi. Huko makaburini alikuta mawe matano madogo kando ya uzio, majina yamefutika nusu. Akachutama, akampakata mtoto mbele.

— Hodi, — alisema. — Poleni kwa kuhamishwa. Na sisi tulihamishwa, mara tatu. Mimi ni Kostansia, huyu ni Yonasi, mkubwa yuko shule. Sisi ndio tunaohamia kwenu.

Alingoja kidogo, kama mtu anavyongoja mlangoni. Kisha akatazama saa, akakimbilia basi akatie saini.