Mzee Polikarpi Byarugaba na Mfereji wa Senta ya Isingiro

Marehemu Mzee Polikarpi Byarugaba alizaliwa Nyakatuntu tarehe 26 Januari 1931, siku ya Mtakatifu Polikarpi, hivyo jina halikuwasumbua wazazi. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwalimu wake alisema kijana huyu anajua hesabu, ila mvua ikinyesha hatoki dirishani.

Kuanzia 1950 alikuwa kibarua wa barabara, akichimba mitaro. Mwaka 1954 alifunga ndoa na mama yetu, Evangelina Kokuhirwa, na baadaye wakahamia Isingiro kulima kahawa na migomba.

Novemba 1978, mizinga ya vita iliposikika, Mzee alijificha na beberu wake ndani ya mfereji wa zamani unaokata senta, pale kwenye maduka na soko. Wengine walitoka mafichoni wakisimulia vita. Yeye alisimulia mawe: chini ya maganda ya ndizi aliona kingo imara zilizojengwa na watu wa kale. Akasema maji yanayoingia madukani kila masika yamenyang'anywa tu njia yao.

Aliuzibua kwa miaka kumi na miwili. Chini ya soko alichimba bwawa la kupokea maji, akalizungushia mawe ya kukalia. Maharusi walikuja kupiga picha, na vijana wakashindana majini kwa mitumbwi ya kukanyagia ndizi za pombe. Mimi Anatolia, binti yake, nilimwambia watoto watazama. Alimpima mwanangu Kokushubira kiunoni kwa ufito, akaahidi kina hakitazidi hapo. Hakikuzidi. Hata hivyo nilikaa ukingoni kila Jumapili.

Mwaka 1997 mwenyekiti wa senta, Mzee Mutalemwa, alitaka mfereji ufukiwe, vijengwe vibanda. Mzee aliomba msimu mmoja wa mvua: maji yakiingia madukani, angeufukia yeye mwenyewe. Mvua zilizokuja ni zile za El Nino. Mama alisali rozari. Mzee alinoa jembe, asijue ni la kazi ipi.

Maji yaliingia duka moja tu, la Mzee Mutalemwa, ambaye alikuwa ameshafukia kipande cha mfereji nyuma ya duka lake. Asubuhi alifika kwetu amelowa hadi magotini. Alimzidi Mzee miaka mitatu, lakini alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Byarugaba."

"Marahaba," Mzee akajibu. "Jembe hilo hapo."

Januari mwaka huu alianza kuugua kifua. Akiwa amelazwa aliwaeleza wauguzi maji ya paa lao yanapaswa kuelekea wapi. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Machi 1999, alfajiri, baada ya kupokea sakramenti. Aliagiza kaburi lichimbwe huku upande wa juu wa migomba, kwa kuwa anajua maji ya kibanja hiki, shamba letu la nyumbani, yanakopita.

Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu kumi na tisa. Ameacha pia mfereji, na hadi siku ya mwisho alihofia nani atauzibua. Jana Mzee Mutalemwa alisimama mbele ya familia akaahidi kuuzibua kila Jumamosi. Tumemshukuru sana. Jumamosi nitakwenda kuangalia.

Bwana amlaze Mzee wetu pakavu, apumzike.