Salamu za Mama

"Mama ana simu ya tochi. Hizo salamu ulitaka azisomee wapi?"

Fundi cherehani, aliyepakata mfuko wa vifungo kwenye siti ya nyuma ndani ya basi, akatega sikio. Hakuwa mmbea, siti ndiyo ilikuwa karibu. Mbele yake dada mtu alikuwa amemgeukia mdogo wake wa kiume mwili mzima.

"Zilitoka moyoni, dada. Siku yake ya kuzaliwa ile. Watu wamelia kule mtandaoni."

"Waliolia ni wafanyakazi wenzako. Mama alishinda na kasimu kake mkononi, akienda jikoni anaenda nako. Jioni ananiambia, usimlaumu mwenzio, labda hana salio."

Fundi akaacha kuchambua vifungo.

"Sasa mtu akiwa mbali afanye nini?" kijana akafoka. "Si mtandao huohuo unaotuunganisha?"

"Unatuunganisha, nani kakataa? Mimi kila Jumapili namshikia simu yangu aongee na wajukuu, anawaona mpaka mapengo. Ungenitumia mimi hayo maneno yako mazuri, ningemsomea. Hukunitumia. Ulikuwa unangoja makofi."

Kijana akanuna, akainamia simu, vidole vikaanza kukimbia. Fundi akachungulia katikati ya siti na kusoma: *Dada yangu kipenzi, nguzo ya familia yetu, nisamehe…*

Dada mtu naye aliona.

"Niko hapa," akasema polepole. "Nimekaa hapa, ubavuni kwako."

Basi likasimama. Fundi akashuka, akamwacha kijana bado anatafuta picha ya kuweka.