Kioo Kilichofika Salama

Karibuni, enyi mliovuka jua na vumbi la mchana huu mkaja kuketi juu ya jamvi langu. Karibu, mchungaji. Karibuni, majirani zangu wa Ihumwa, ambao tumechimba pamoja mitaro na makaburi. Nanyi wanangu watatu, wawili mlio mbele yangu na mmoja aliye nyuma ya mlango ule, ambaye najua ananisikia, nitegeeni masikio, kwa kuwa pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kulisema jambo mara mbili. Josephine, uji huo uweke chini. Nikimaliza nitakunywa, na nisipokunywa, mpe paka, naye ana haki yake katika nyumba hii.

Nimechoka, wanangu. Uchovu huu si wa jembe, maana wa jembe huondoka mtu akilala. Huu nimeubeba tangu kabla Noeli hajazaliwa, na leo nautua mbele yenu.

Nianze na yaliyo mepesi. Shamba la zabibu ni la Wilbert, maana ndiye aliyelipalilia hata watu wakamcheka kwamba ameoa mizabibu. Nyumba hii ni ya Josephine, wala asitokee wa kumwambia kwamba binti aliyeolewa hana mlango kwao. Zito ni ule ukuta wa udongo uliosimama peke yake uani, usio na paa wala chumba, ambao wewe Wilbert, mbele ya dalali, uliuita kichuguu cha mzee. Nilikusikia. Sikukasirika, kwa sababu sikuwahi kukueleza, na asiyeelezwa hana kosa. Unataka kuubomoa ujenge vyumba vya kupangisha, sasa watu wanapogombea kila hatua ya ardhi ya Ihumwa. Basi kabla hujaugusa, sikia ukuta huo ulikotoka.

Mnajua nilikuwa dereva wa lori, nikipakia mahindi Kibaigwa. Mnajua pia kwamba niliacha, na mama yenu Sidonia, Mungu amrehemu, aliwaambia ni kwa sababu ya mgongo. Mgongo wangu haukuwa na neno. Nilikuwa na utingo, kijana wa Chemba, jina lake Methodi, mcheshi, mwenye lugha ya kwao ambayo ndani yake ulimi hualika kama kijiti kinachovunjika, tuliyokuwa tukimwomba aiseme ili tucheke, naye akitutukana ndani yake tusijue. Siku hiyo wingu la mvua lilikuwa limetanda, naye alikuwa na homa. Akaja dirishani akaniambia, "Kaka Fabian, leo nipe nafasi ndani, mwili wangu hauna nguvu." Nikatazama kiti cha pembeni. Juu yake nilikuwa nimeweka kioo kikubwa cha kabati, nimekizungushia blanketi, nampelekea mke wangu niliyemwoa mwaka ule. Nikamwambia, "Kioo hakiwezi kukaa juu ya magunia, Methodi. Wewe unaweza." Akacheka, akasema, "Haya, bwana harusi," akapanda.

Kabla ya kufika Dodoma gurudumu lilipasuka, lori likashuka mtaroni, likainama, magunia yakamwagika, na Methodi alikuwa chini yake. Nilifukua kwa mikono hii mpaka watu waliponivuta. Na niliporudi kwenye kiti, nikafunua blanketi, kioo kilikuwa kizima. Hakikuwa hata na mkwaruzo.

Ni hicho hapo. Mmekua mnaniona nikikigeuza kitazame ukutani, na mama yenu akikigeuza mpate kuchana nywele, nami nikikirudisha. Wilbert, ukiwa mdogo uliniuliza, "Baba, kioo kimekukosea nini?" nikakuchapa. Nisamehe. Ulikuwa umeuliza swali la haki.

Baada ya hapo mikono ilianza kutetemeka. Nikishika usukani, inatetemeka. Nikisikia harufu ya mahindi mapya, natapika. Askari walisema sina kosa, mchungaji wa wakati ule akasema ni mapenzi ya Mungu, na maneno yote mawili yalinipita kama basi lisilosimama. Mwaka ulipotimia nikaenda Chemba kwa mama yake Methodi, kwa miguu kutoka pale barabara ilipoishia, nikamkuta anapepeta mtama. Nikapiga magoti nikalia. Akaniacha nilie mpaka alipomaliza ungo wake. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, naye hakukipoteza. Akasema, "Machozi yako mimi nifanyie nini? Nyumba ya mwanangu haijakandikwa."

Methodi alikuwa ameanza kujijengea nyumba ya miti, fito zimefungwa, udongo haujatiwa. Nikachimba udongo, nikakanyaga, nikakandika. Mikono ikatetemeka hata madonge yakaniponyoka, nikaona aibu, nikaificha nyuma. Hapo ndipo mama yule aliponiambia neno ambalo nitalitaja mwishoni, kwa kuwa ndilo urithi wenyewe.

Ukuta ulipokauka akanichukua vilimani. Tulitembea siku nzima bila kuongea, tukimfuata ndege yule mdogo anayeita watu kwenye asali, na yeye akimjibu kwa mluzi kama mtu anayejibu jirani. Kwa mara ya kwanza nilisikia kitu kingine kichwani mwangu kisichokuwa magunia. Tukarudi na asali, na udongo mwekundu, na mweupe, akaniwekea katika vibuyu viwili mbele ya ukuta, akasema, "Chora siku ile." Nikachora lori tu. Lilikuwa baya, kama kobe mwenye matairi. Akacheka! Mama aliyefiwa akacheka, nami nikacheka naye.

Ukuta wa udongo kule hunyeshewa, na kila kiangazi hukandikwa upya. Kwa hiyo kila mwaka mvua zilipokwisha nilikwenda, nikakuta picha imeoshwa, nikakandika, nikatembea vilimani, nikachora tena. Mwaka wa pili nilichora magunia. Mwaka wa nne nilimchora Methodi, lakini bila uso.

Mwaka wa tano nikafanya kosa. Nilikuwa nimempatia uso, umefanana, na sikutaka mvua imchukue. Nikabeba saruji kutoka Dodoma, nikaupiga ukuta lipu, nikamchora juu yake kwa rangi ya dukani, nikajiona nimelipa. Mama yule alisimama akatazama sana. Akaniletea shoka. Akasema, "Umemfunga. Mfungue." Saruji ilikuwa tayari imeanza kuachana na udongo, maana haishikani nao. Nikaivunja nikilia, na kila kipande kilichoanguka kilinipunguzia mzigo nisioweza kuutaja. Mwaka wa saba nilichora kioo. Nilipogeuka, mikono ilikuwa imetulia.

Haikutulia moja kwa moja, wanangu, sitawadanganya. Ndiyo maana niliujenga ule ukuta hapa, na ndiyo maana umekuwa ukiniona, Wilbert, nikiukandika kila mwaka kama mtu aliyerukwa na akili. Wengi wamekuja hapo kukandika na kuchora, nanyi mkadhani ni wazee wenzangu wa kupiga soga. Kila mmoja alikuja na kioo chake.

Sasa nasema na aliye nyuma ya mlango. Noeli, mwanangu, tangu ajali yako ya bodaboda, jua la mwaka mzima limepita nje ya chumba chako. Vijana wa kijiweni Majengo walipokuja kukutania, "Toka, bwana, abiria wamekusubiri mpaka wameota ndevu," ulisukuma komeo la mlango. Wote wanasema lori lililokugonga ndilo lenye kosa. Lakini mimi nilifagia chini ya kitanda chako nikaikuta kofia ngumu imefungwa katika kanga. Ilikuwa moja, ukaivaa wewe, na Jenifa, abiria wako aliyefariki siku ile, akapanda bila kofia. Sikukuuliza. Nilinyamaza mwaka mzima nikiwa na dawa uani, kwa sababu ili nikupe wewe dawa ilikuwa lazima kwanza niwaeleze watoto wangu habari ya kioo, nami niliogopa sura zenu. Hilo ndilo deni langu kwako, na sina lingine.

Basi uani ni kwa Noeli, na ukuta ni wa Noeli. Usiuzwe, usiezekwe, usipigwe lipu. Wilbert, mwaka huu mkandikie wewe, umsaidie kukanyaga udongo, na usimhimize. Josephine, mpeleke kule nyuma ya reli, mpaka kwenye migunga, mkae tu, msimwulize kitu. Vibuyu viko chini ya kitanda changu. Mimi mnizike bila saruji.

Mungu awape... ngoja nipumue. Mungu awape usingizi. Awape mikono yenye kazi na nyumba yenye kicheko, na mkikosana mpatane kabla ya mvua.

Wilbert, kigeuze kioo. Ndiyo, sasa. Shingo yangu haigeuki tena, nami nataka kuwaona wote.

Hivyo. Naona jamvi. Naona Josephine, acha kulia, uji unapoa. Naona mlango... umefunguka. Karibu, Noeli. Umekonda, mwanangu. Umekuja nayo hiyo kofia. Iweke hapa miguuni pangu.

Mbona unaificha mikono nyuma? Inatetemeka? Ilete... Kama lazima itetemeke, na itetemeke kwenye udongo. Neno lile ndilo hilo. Si langu. Miaka yote nilimwita mama Methodi, mpaka siku aliponishika mkono akasema, "Sasa niite kwa jina langu." Aliyeniambia kwanza... ni Anyesi.