Wimbo wa Sura ya Kumi na Mbili

Mwaka ule wa tisini na sita, ukiuliza Machakos mjini benchi la maneno liko wapi, ungeonyeshwa mbele ya duka la Mutiso la kurekodi kaseti. Lilikuwa ubao mmoja mrefu, upande huu una miguu, upande ule umekalia matofali, na aliyeinuka bila kuaga aliwamwaga wenzake. Pembeni Abdinur aliweka jiko lake na birika la kahawa ya tangawizi. Alikuwa amekuja na ng'ombe wa kuuza kutoka Garissa miaka kumi nyuma. Ng'ombe wakaisha, yeye akabaki. Wateja wake wa kudumu walikuwa wawili: Bartholomew, aliyeitwa Hakimu ingawa kazi yake kortini ilikuwa kuita majina ya kesi tu, na Muli wa buchari, aliyeitwa Kilo kwa sababu hata habari za msiba aliuliza kwanza zina uzito gani. Mutiso mwenyewe alikaa mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, ili asikie benchi na mashine kwa pamoja. Alasiri hiyo ya Julai ukungu ulikuwa haujapanda vilimani tangu asubuhi, na wanaume hao walikuwa na kazi isiyo ya kawaida: kukichagulia nyimbo kitabu cha mapenzi.

Kazi hiyo ililetwa na mwanamke mmoja mpole, Mutindi, mwalimu wa nasari kutoka Masinga. Alikuwa ameandika kitabu kwa mkono, madaftari matatu, sura kumi na mbili. Madaftari alimwachia Loise, mpiga chapa wa mlango wa pili. Kwa Mutiso aliacha karatasi moja. Kila sura ilikuwa na mstari wake, na kila mstari ulitaka wimbo, ili atakayenunua kitabu apewe na kaseti, asome huku anasikiliza. Alisema angerudi Alhamisi. Leo ndiyo Alhamisi.

— Sura ya kumi wanakosana, alisema Mutiso akisoma karatasi. Nipeni wimbo wa kukosana.

— Weka benga, alisema Kilo. Ile gita mbili zinajibizana kama mke na mume.

— Benga ni ya kurudiana, alisema Hakimu. Kukosana ni rumba. Ya Kizaire, dakika tisa, mtu analia na wewe huelewi analilia nini.

— Dakika tisa zitanimalizia upande B, Hakimu.

— Kwani watu hukosana kwa dakika tatu? Mimi nimeita kesi za ndoa miaka thelathini.

Abdinur akamimina kahawa.

— Sura ya kumi na moja ni nini?

— Imeandikwa tu, anangoja.

— Basi hiyo usiweke wimbo, alisema Abdinur. Mtu akingoja husikia upepo.

— Nani atanunua kaseti ya upepo? aliuliza Kilo.

Wakacheka. Mutiso akaandika jina la wimbo mmoja wa polepole wa kanisani, bila maneno, kinanda peke yake. Hata Kilo alikubali. Mutiso akaingia ndani akaurekodi, baada ya rumba ya Hakimu. Ilibaki sura ya mwisho, na hapo mstari ulisema maneno mawili tu: wimbo wake.

— Wimbo wake nani? aliuliza Hakimu. Hii ni kesi haina mshtakiwa.

— Loise amefika hapo, alisema Mutiso. Tumngoje.

Hawakungoja sana. Mashine ya Loise, iliyokuwa ikigonga tangu saa nne, ilinyamaza. Loise akatoka na karatasi mkononi, kanga mabegani, uso wake si wa mtu aliyetoka kuchapa habari za mapenzi.

— Hii kitabu, alisema, mimi nimechapa barua za korti, za kanisa, hata za watu wanatishana. Sijawahi kuchapa kitu kama hii.

— Ina mambo ya chumbani? aliuliza Kilo akisogea.

— Wacha ujinga. Sikiza.

Akasoma amesimama, pole pole, kama mtoto anayesomea wageni:

— "Mwaka huu pia alikuja Agosti, saa tisa mchana, jua likiwa kali. Alisimama langoni na gita lake. Mimi nimeongeza miaka, nywele zangu zimeanza kuwa na mvi mbele, lakini yeye ni yule yule wa siku ya kwanza. Shati lilikuwa kavu. Suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini, ingawa mvua haijanyesha tangu Mei."

— Huyo mwanamume hazeeki? aliuliza Hakimu.

— Ngoja. "Nilimwangalia shati kwa sababu naogopa kumwangalia macho. Ni lile la kijivu. Kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi mwekundu."

Mutiso, aliyekuwa akizungusha kaseti kwa kalamu, aliacha kuzungusha.

— "Kisha aliimba, kama kila mwaka. Nipokee mlangoni, usiulize nilikopita..."

— Vumbi la njia ni langu, alisema Mutiso, wewe nipe tu maji.

Loise akashusha karatasi. Akaiinua tena, akaangalia, akaishusha.

— Umesoma wapi? Hii nimeitoa kwa mashine saa hii.

— Sijasoma.

— Basi ni wimbo wa redio, alisema Kilo.

— Si wa redio, alisema Mutiso. Huo ni wa Erastus.

Hakuna aliyeuliza Erastus nani. Wote walimjua kaka yake Mutiso, mpiga gita aliyeondoka Agosti ya themanini na tisa kwenda kupiga muziki kwenye arusi upande wa Masinga. Arusini hakufika, nyumbani hakurudi. Walimtafuta kwa polisi, wakamtafuta hospitali zote hadi Thika. Jambo ambalo benchi halikulijua, Mutiso alilisema sasa kwa mara ya kwanza, akiangalia viatu vyake. Asubuhi ile ya safari kifungo cha shati la Erastus kiling'oka. Uzi mweupe ulikuwa umeisha, Mutiso akamshonea kwa mwekundu. Na alipokuwa akishona, shati likiwa mwilini, Erastus alikuwa akijaribu wimbo mpya. Ulikuwa na ubeti mmoja tu. Alisema wa pili ataupata njiani.

— Sijawahi kuuimba mbele ya mtu, alisema Mutiso. Hata nikiwa peke yangu sijauimba.

— Hapa kuna ubeti wa pili, alisema Loise kwa sauti ndogo.

— Usisome.

Loise alikunja karatasi. Abdinur aliwajazia vikombe bila kuombwa.

Hakimu ndiye aliyeanza.

— Mutiso, mimi naona hivi. Ndugu yako ako hai. Alipata mwanamke huko, akabadilisha jina. Kortini nimeita watu wenye majina matatu.

— Na hazeeki?

— Mwanamke akipenda mtu, hamuoni mvi.

— Na suruali? aliuliza Kilo. Nguo ilowe miaka saba? Wacha niwaambie. Chini ya ile maji ya bwawa la Masinga kulikuwa na mashamba, na njia za miguu, na malango. Maji yalipanda, njia haikuondoka. Iko huko chini. Mtu akiishika kwa makosa anaendelea tu kutembea. Mara moja kwa mwaka anatokea upande huu.

— Kilo, wewe umetoa wapi hiyo?

— Si naiona tu!

— Kwetu, alisema Abdinur, kulikuwa na mzee ameuza ngamia mmoja mbali sana, siku kumi na mbili kwa miguu. Mwenye kununua akasema huyu ngamia usiku anapiga mluzi. Mluzi ya yule mzee mwenyewe. Wakatuma mtu kuuliza. Mzee alikuwa amekufa wiki ile ile.

— Ngamia anapiga mluzi?

— Mimi sikumsikia. Nimewaambia vile niliambiwa.

Hakimu akakohoa, akaona kesi inampita.

— Basi mimi nasema kitu ingine. Hiyo kitabu si ya huyo mwalimu. Mwenye kuandika ni Erastus. Mkono ni wa mwanamke, maneno ni yake. Anatafuta njia ya kurudi. Mguu umekataa, sasa anajaribu kitabu. Na sisi tumekaa hapa wiki nzima tunamtengenezea muziki ya kuingia!

Hapo hata Kilo hakucheka. Loise alijifunika kanga vizuri. Mutiso alihisi baridi ikimpanda kutoka kwenye magoti, mahali hasa suruali ya yule mtu ilipoishia kulowa.

— Nawaomba kitu kimoja, alisema. Leo ni siku ya soko. Mama amekuja kuuza ndengu na atapita hapa kama kawaida. Msimwambie. Miaka saba si mingi kwake. Hajakubali tufanye hata maombi ya mtu aliyekufa.

Wakakubali wote. Kabla kahawa haijapoa, Mutindi akatokea upande wa steji, kikapu mkononi, akasalimia kila mmoja. Mutiso alisimama, benchi likayumba ingawa hakuwa amelikalia.

— Mwalimu, alisema, hii kitabu umebuni?

Mutindi aliweka kikapu chini.

— Majina nimebuni.

— Na mtu?

— Mtu anakuja, alisema Mutindi. Niliandika vile anakuja. Nikaiita ya mapenzi kwa sababu sijui ningeiita nini. Na pia nampenda.

— Anakuambia nini?

— Anaomba maji. Haongei sana. Jina nilimwuliza, akasema nimuite vile nataka. Mwaka jana nilimwambia naandika. Akasema kitabu peke yake kitakuwa kimya sana, nitafute nyimbo, kila sura na yake. Nikamwuliza, na ya mwisho? Akasema ya mwisho nitaipata Machakos, kwa mtu anajua mwanzo tu.

Kilo alivua kofia. Hakimu alimtazama Abdinur, naye Abdinur alikuwa akisogeza midomo bila sauti, akisoma dua.

— Mimi ni ndugu yake, alisema Mutiso.

— Nilijua ukifungua mlango ile siku ya kwanza, alisema Mutindi. Mnashika kitasa sawa. Lakini niliogopa. Nikasema nikuachie kazi, nione kama wewe mwenyewe utaufikia wimbo wake.

Mutiso angeweza kumfukuza. Baadaye alisema alifikiria hilo, alifikiria pia kuchoma madaftari. Lakini kaseti ilikuwa na nafasi ya wimbo mmoja, nyimbo kumi na moja zilikuwa zimeshaingia kwa zamu zake, na alikuwa amekaa miaka saba na ubeti mmoja kifuani. Akaingia ndani, akasafisha kichwa cha mashine kwa pamba, akatoa maikrofoni hadi mlangoni, akabonyeza vitufe viwili.

Aliimba. Sauti yake haikuwa nzuri, ilikwama kwenye neno mlangoni, akarudia. Alipomaliza ubeti wake, Mutindi akapokea bila kusoma popote:

— Nikikawia nisamehe, njia imejaa maji, nimevua na viatu, ila ng'ambo siioni.

Mutiso aliijua tuni hiyo. Iliteremka pale pale ambapo kaka yake angeiteremsha, mahali ambapo mwimbaji mwingine yeyote angepanda. Machozi yalimtoka, naye akayaacha.

Kwa hiyo hakuna aliyemwona bibi yule aliyefika na gunia tupu la ndengu chini ya kwapa, akasimama nyuma ya jiko la Abdinur. Hawakujua amesimama kwa muda gani. Loise ndiye aliyegeuka kwanza, akashika mdomo.

— Mwaitu, alisema Mutiso. Mama.

Mama alikuwa amemwelekea Mutindi, akimchunguza kama mtu anayechunguza nguo ya mwanawe mwilini mwa mgeni. Hakulia. Aliweka gunia chini, akalikunja mara mbili, kazi ya mikono tu.

— Huyo ni wangu, alisema. Hiyo kuteremsha sauti, nilikuwa namchapa akiwa mdogo, kwaya ilikuwa inaharibika.

— Ndiyo, mama, alisema Mutindi, na akapiga magoti pale pale barabarani.

— Amekuja kwako mara ngapi?

— Mara sita.

— Na unampa maji.

— Nampa, mama.

— Anakunywa?

— Anashika kikombe. Sijaona kama anakunywa.

Mama alitikisa kichwa, kama anayekubali bei. Kisha akauliza, si kwa hasira, akiwatazama mmoja mmoja, mwalimu, mwanawe, Loise, hata Kilo na Hakimu waliokuwa na jibu la kila kitu nusu saa iliyopita:

— Kutoka kwake hadi kwangu kuna njia. Mbona kwangu hajapita?

Hakimu alisoma chini ya kikombe chake. Kilo alishika kofia kwa mikono miwili. Abdinur alichukua kikombe safi akakipeleka kwenye birika, na birika likatoa matone mawili ya mashapo, basi.

Mama alingoja. Walisikia kanda ikizunguka ndani ya mashine, bado inarekodi ukungu, barabara, na watu sita wasio na la kusema, hadi upande B ulipofika mwisho na kitufe kikaruka chenyewe, na wote wakashtuka isipokuwa yeye.