Kapteni Lanyon na Meli Aliyoiacha Ipite

Wasikilizaji wapendwa, wiki hii hapa Gosport tumempoteza jirani. Kapteni Aubrey Lanyon, kamanda wa nyambizi Thistledown wakati wa vita, alifariki Alhamisi nyumbani kwake, akiwa na miaka tisini na miwili. Ndiye yule mzee aliyetupigia simu hapa studio kila tulipokosea saa za maji kujaa. Tulikosea mara nyingi, naye hakutusamehe hata mara moja.

Alizaliwa Falmouth, mtoto wa muuza makaa. Kuogelea hakukupenda kamwe. Mkewe, marehemu Muriel, alikuwa akimtania kwamba aliingia kwenye nyambizi ili aende chini ya maji bila kulowa. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Chombo chake kilizama kwa makusudi, kikaelea tena, na vijana wote wakarudi hai. Kwa hilo, na kwa meli za adui alizozizamisha, alipewa nishani mbili. Nasema tena, nishani mbili.

Lakini mimi leo nataka kuwapa habari za meli ambayo hakuizamisha.

Ilikuwa mwaka 1943, karibu na pwani ya Italia. Asubuhi moja Lanyon aliona meli ya mizigo kwenye periskopu, ile darubini ya kuchungulia juu ya maji. Torpedo zilikuwa tayari, mabaharia wanangoja neno lake. Akasema, "Kuna nepi za mtoto zimeanikwa kwenye kamba."

Naibu wake akamjibu, "Afande, hata mafuta ya vifaru yanaweza kusafiri chini ya nepi."

Ni kweli, na Lanyon alijua ni kweli. Akashusha periskopu, akaiacha meli ipite.

Sasa, nyambizi iliyozamisha meli hurudi bandarini imepandisha bendera nyeusi ya fuvu, na kila meli iliyozama hushonewa mstari mweupe. Thistledown ilirudi Malta, kituoni kwao, bila bendera. Mabaharia wa nyambizi nyingine wakajipanga kuwauliza kama pikiniki ilikuwa nzuri. Mkuu wa kikosi hakucheka. Alimwambia Lanyon kwamba huruma nyingine kama ile, atampokonya nyambizi na kumkalisha nchi kavu ahesabu soksi.

Cyril Gadd alikuwa mpiga ishara wao, mtu wa kutuma ujumbe kwa taa. Yu hai, na ulimi wake bado mkali. Juzi aliniambia, "Tulimpenda, lakini tulijiuliza: akiona kamba ya nguo tena, turudi na nini? Mashuka?"

Safari iliyofuata Lanyon hakusita. Meli mbili za silaha zilizama.

Gadd ndiye aliyeshona mistari miwili mipya. Katikati yake, bila kumwomba mtu ruhusa, akashona nepi nyeupe na pini yake. Lanyon aliitazama bendera, akaamuru ipandishwe. Walipokaribia bandari, mkuu akauliza kwa taa ile alama mpya ni meli ya aina gani. Gadd akamgeukia kamanda wake.

"Mwambie ukweli," Lanyon akasema.

Gadd akapiga taa: nepi moja, haikuzamishwa. Hapo ndipo mzee wao angeweza kupoteza nyambizi yake. Jibu lilichelewa. Kisha taa ikamulika: imeonekana, kamanda aje anywe nami.

Akabaki na nyambizi yake mpaka vita vikaisha. Kuhusu mzigo wa meli ile, hakuwahi kujua. Nasema tena, mpaka anakufa hakujua. Mwezi uliopita bintiye, Rosalind, alimuuliza wakiwa mezani, wanakula dagaa wa kopo na mkate wa kuchoma. "Baba, kweli hukutaka kujua?"

Akamjibu, "Zile nilizozizamisha nilijua, Rosie. Chini ya maji, kila kitu kinasikika. Ile nisiyoijua ndiyo iliyonipa usingizi." Kisha akaomba chumvi.

Rosalind, wajukuu, na wewe mzee Gadd, poleni sana. Sisi wa hapa studio tunasikitika, lakini hatulii sana: aliishi akashiba, akacheka, akatukosoa. Maziko ni Jumanne asubuhi, na bendera ile itakuwa juu ya jeneza, Gadd ameniahidi.

Nawe msikilizaji, leo kabla hujazima taa, jiulize: ni nani uliyewahi kumwacha apite?