Santo Loku, Aliyerudishiwa Jina Lake

Mchungaji wetu, wazee wa Midia, wajomba na mama zetu mliotoka Aroi, nanyi majirani mliolala nasi hapa tangu Jumanne, tunawashukuru kwa kutushika mkono. Mimi ni Rejoice, mtoto wa kwanza wa marehemu. Baba mwenyewe aliniomba nisome habari zake, akanionya nisiruke mahali, akasema, "Rejoice, usinioshe mbele ya watu. Mungu alinichukua na uchafu yangu, watu pia wasikie hivyo." Kwa hiyo nitasoma yote.

Santo Loku alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa Midia, wilaya ya Koboko, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Loku, mkulima wa tumbaku, na mama Kiden, na ndiye peke yake aliyebaki hai kati ya watoto wao.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969, darasa moja na mtoto wa jirani, Saturnino Jada, ambaye mnamwona ameketi pale karibu na jeneza, na wawili hao walikula sahani moja na kuchapwa fimbo moja mpaka mwaka 1978, mzee Loku alipofariki na baba akaacha masomo akiwa kidato cha tatu. Jada aliendelea, akafanya mtihani wa kidato cha nne, akafaulu.

Oktoba 1980 vita vilipofika kwetu, watu walikimbilia Sudan, na njiani Jada alishikwa na homa kali, akampa baba vyeti vyake, vimefungwa kwenye nailoni, ili visilowe wakati wa kuvuka mto Kaya. Katika ule msongamano wakapotezana, na baada ya wiki chache habari zikaja kutoka kambi nyingine kwamba Jada amezikwa. Baba alilia msiba huo kwa kweli, lakini mwaka 1983 aliporudi Uganda alikwenda Arua, akajiandikisha katika chuo cha ualimu kwa vyeti vile na kwa jina la Saturnino Jada, akijiambia kwamba mtu aliyekufa haibiwi.

Januari 1985 alipangiwa shule ya msingi huko Aroi, mahali ambapo hakuna aliyemfahamu, naye alifundisha vizuri, kama wanafunzi wake waliomo humu wanavyoweza kushuhudia.

Tarehe 9 Juni 1987 baba aliitwa kwenye ofisi ya elimu mjini Arua, na mbele ya meza ya karani alimkuta Jada akiwa amesimama, mwembamba, mzima, maana aliyezikwa kambini alikuwa Jada mwingine. Alikuja kuomba nakala ya vyeti vyake, akaambiwa mwenye vyeti hivyo tayari ni mwalimu. Jada alipomwona baba alifungua mikono kwa furaha, akasema, "Santo! Mimi iko hai!" Karani akauliza, "Mwalimu, unajua huyu mutu?" Baba akatazama sakafu, akajibu, "Simjui."

Kwa neno hilo moja Jada alifungiwa siku tano kama mwizi wa jina, akapigwa, na sikio lake la kushoto halisikii mpaka leo. Alirudi Midia akawa mkulima, na baba akarudi darasani.

Tarehe 12 Desemba 1987 baba alifunga ndoa na mama yetu, Elena Eyotaru, katika kanisa la Aroi, bila kumwambia lolote, na Mungu akawajalia watoto watatu, mimi, Ronnie na Betty, wote tukiitwa wa Jada. Tangu mwaka 1994 baba alikuwa msomaji wa neno kanisani, akafundisha kwamba wote tumetenda dhambi na kwamba neema haichumwi wala hainunuliwi, watu wakabarikiwa, lakini mama aligundua kwamba kila siku ya meza ya Bwana mume wake alipata sababu ya kutoka nje. Midia hakufika hata mara moja, akituma salamu tu kwa wasafiri, kwamba kazi imekuwa nyingi.

Tarehe 17 Agosti 2008 bibi Kiden alifariki, na hapo baba hakuwa na pa kujificha. Alifika hapa kesho yake, akakuta kaburi limekwisha kuchimbwa na Jada yumo ndani yake, anasawazisha udongo. Jada aliinua kichwa, akasema, "Santo, karibu. Mama iko ndani ya nyumba, nenda umwone." Majirani ndio waliomwambia baba kwamba kwa miaka ishirini na moja, aliyemletea mama yake kuni na maji alikuwa Jada.

Baadaye nilimuuliza mzee Jada mwenyewe ilianzaje, akanieleza hivi: "Siku nilitoka kule Arua, nilikuja kwa bibi yako nimwambie mtoto yake iko mwizi. Nilikuwa na hasira mingi. Yeye akanipa chakula, akauliza, 'Ulimwona Santo wangu?' Nikashindwa. Nikasema, 'Niliona, iko mzima.' Kesho yake nikarudi na kuni."

Jumapili ya tarehe 24 Agosti 2008 baba alisimama kusoma neno kule Aroi, akafunga kitabu, akasema, "Mimi si Jada. Jada iko Midia, analima. Mimi naitwa Santo, nilichukua jina yake, halafu nilimkana mbele ya macho yake." Watu walidhani ni homa, lakini Jumatatu alikwenda mwenyewe ofisini kusema maneno hayohayo, akafukuzwa kazi, akashtakiwa, akakiri, akakaa gerezani miezi minane. Mama alimpelekea chakula kila wiki. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, niliona aibu, sikwenda kumwona hata siku moja, na ninalisema hilo hapa ili mjue kwamba mwenye dhambi katika habari hii si mmoja.

Juni 2009 alipotoka alikuja moja kwa moja Midia, akaingia katika shamba la karanga la Jada na kuanza kupalilia bila kuomba ruhusa, asubuhi mpaka jioni, akikataa chakula chao. Siku ya tatu Jada alimfuata, akauliza, "Unafanya nini?" Baba akasema, "Nalipa." Jada akamwambia, "Hii yangu hakuna mutu anaweza kulipa. Miaka yangu ilikwisha kwenda. Mimi nilikusamehe pale kaburini kwa mama, na wewe ulikuwa bado kusema hata neno moja. Sasa lima kama ndugu, ama weka jembe chini." Baba alikaa kwenye udongo akalia, kisha wakamaliza tuta lile wote wawili, na Jumapili iliyofuata, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, alikwenda kwenye meza ya Bwana, Jada akiwa kando yake.

Mwaka 2010 na mimi nilikuja, nikamwuliza mzee Jada nifanyeje na vyeti vyangu, kwa kuwa vina jina lake. Alicheka, akasema, "Ile baba yako alichukua, wewe mimi nakupa. Kaa nayo." Kwa hiyo ninayesoma mbele yenu naitwa Rejoice Jada, na sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo.

Wageni wetu kutoka Sudan Kusini walipoongezeka, baba alianza kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika katika banda la kanisa, mwaka 2017, bila mshahara, akikataa kuitwa mwalimu, na wengi wenu mlioshika karatasi ya nyimbo leo na kuisoma wenyewe mlianzia pale.

Mwaka 2022 alipata ugonjwa wa sukari, mwaka jana figo zikalegea, akalazwa Arua mara tatu, na mwezi uliopita akaomba arudishwe nyumbani. Alikuwa na hofu, hatulifichi hilo. Siku moja alimwuliza Jada, "Kule nitasema nini?" Jada akamjibu, "Utasema kweli, basi. Yeye anajua, na bado anakuita." Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na mitatu, mama amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Arua na Koboko, majirani waliobeba maji na kuni, Wakristo wa Aroi waliompokea tena, walimu waliofanya kazi naye na hawakumgeuzia kisogo, na wewe mzee Jada, ambaye hatuna neno linalokutosha.

Baba, ulisema hukustahili, na sisi watoto wako hatutabisha, kwa sababu hata sisi hatukustahili, wala hakuna aliyeketi hapa anayestahili. Pumzika, baba yetu Santo, kwa amani uliyopewa bure.