Bertilla Mwanakulya, Mama kwa Kibali

Baba Paroko, Mwenyekiti wa Mtaa, ndugu wa ukoo, majirani wa Milanzi na ninyi mliotoka mbali, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Naitwa Faith, nina umri wa miaka ishirini na sita, ni mwalimu wa shule ya msingi huko Mtowisa, na nimesimama hapa kwa sababu marehemu aliacha maandishi kwamba historia yake niisome mimi, jambo ambalo baadhi ya waliokaa viti vya mbele hawakulipenda, nao walijitahidi tangu jana kulibadilisha.

Marehemu Bertilla Zenon Mwanakulya alizaliwa tarehe 14 Februari 1961 katika kijiji cha Mollo, akiwa mtoto wa pili wa mzee Zenon, mkulima wa mahindi na ulezi, akafuatiwa na mdogo wake Adolfu, ambaye sote tunamwona. Alisoma shule ya msingi kijijini hapo kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akafaulu darasa la saba, lakini nafasi ya kuendelea hakuipata, maana ilionekana ni vyema akae nyumbani apike ili mdogo wake asome, naye mdogo wake akasoma hadi kidato cha pili, akarudi.

Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa mhudumu wa wodi katika hospitali mojawapo hapa mjini, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Februari 2021, akifua mashuka, akiosha wagonjwa, akiwabeba watoto ambao waliletwa na watu na hawakufuatwa na mtu. Tarehe 29 Septemba 1984 alifunga ndoa takatifu na marehemu Oswaldi, fundi seremala, na kwa pamoja walijenga nyumba hii tuliyokaa nje yake, yeye akisomba maji ya kufyatulia tofali baada ya zamu, mumewe akitengeneza milango. Hawakupata mtoto, na kwa miaka ishirini na mitano ukoo huu ulimshauri Oswaldi atafute mke mwingine, ushauri uliotolewa mara nyingi ndani ya nyumba hii, juu ya chakula alichokipika huyohuyo aliyekuwa akisemwa. Oswaldi alikuwa akijibu jibu moja tu, kwamba yeye ameoa Bertilla, hakuoa tumbo la Bertilla, na hivyo ndivyo alivyoishi naye hadi alipofariki tarehe 3 Agosti 2009.

Sasa nafika kwenye kipengele cha watoto. Historia iliyoandaliwa na ukoo, ambayo niliombwa kuisoma badala ya hii, ilisema hivi kwa ukamilifu wake: "Marehemu hakujaliwa mtoto." Maneno matatu, na kisha ikaruka kwenda kwenye ugonjwa. Naomba mnivumilie, maana mimi nina maneno zaidi.

Mwezi Oktoba 2012 marehemu alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba kuwa mlezi wa kambo, yaani mtu anayepewa kibali cha kumlea nyumbani kwake mtoto asiye na pa kuishi, hadi ndugu zake wapatikane au akue. Alijaza fomu, akapimwa afya, akapata barua ya mtendaji, akahudhuria mafunzo ya siku tatu, na watu wa mtaa huu, ambao wengine leo mmevaa kanga mpya za msiba, mlisema analipwa na wazungu kwa kila kichwa. Hakulipwa. Alichopata ni afisa wa kumtembelea kila baada ya miezi mitatu, barua ya matibabu ya mtoto, namba ya simu ya kupiga akizidiwa, na kikao cha kila mwezi na walezi wenzake, watu wanane, ambao walikuwa wakipeana nguo, mbinu na moyo, na kati ya hao wanane sita wapo hapa leo, wamekaa nyuma kabisa, kwa sababu hawakuambiwa na mtu wakae wapi.

Jumanne ya tarehe 22 Januari 2013 afisa ustawi, ndugu Yohanes, alikuja kukagua nyumba na kuwahoji ndugu, na Mzee Adolfu akafika bila kualikwa. Mama alinisimulia mara nyingi, na ndugu Yohanes yupo, atanisahihisha nikikosea. Mzee Adolfu alisema, "Afisa, huyu dada yangu ni mgumba, ana uchungu wake tu. Leteni mtoto hapa, kesho mtatuletea kesi." Ndugu Yohanes akamuuliza, "Mzee, wewe ukija hapa huwa unahudumiwaje?" Akajibu, "Vizuri." Akaulizwa tena, "Na akiugua, anahudumiwa na nani?" Mzee akaomba chai, na dada yake akampa. Karatasi ya wadhamini, ambayo Mzee Adolfu alikataa kuisaini, ilisainiwa na Bi Sophia, mwenye duka la vitambaa, Mwislamu, ambaye hana undugu wowote na familia hii isipokuwa ujirani mwema.

Tarehe 18 Machi 2013 nililetwa mimi, nikiwa na miaka kumi na minne, nimetolewa kwenye nyumba nilimokuwa nikifanya kazi za ndani na ambayo sitaitaja, maana haistahili kutajwa mbele ya jeneza hili. Nilikuwa sisemi. Nilikuwa naficha ugali chini ya mto, unakauka, unaota ukungu, na Mama aliuona alipotandika kitanda. Jioni ile aliweka bakuli la chakula lenye mfuniko kando ya kitanda changu, akasema, "Hiki ni chako, ule ukitaka, usipotaka kitabaki hapo," na akaliweka kila jioni kwa miezi saba, hadi nilipolirudisha jikoni mwenyewe. Nilipotimiza miaka kumi na minane kibali kikaisha kisheria, nikafungasha begi, akanikuta mlangoni akaniambia, "Karatasi ndiyo imeisha, wewe unakwenda wapi?" Nikarudisha begi ndani, nikasoma hadi chuo cha ualimu, na siku ya mahafali nilimwita Mzee Adolfu mjomba, naye akaniambia mbele ya watu kwamba yeye si mjomba wa watoto wa kuokota. Nimemtii tangu siku hiyo.

Wa pili alikuwa Salome, aliyekaa hapa kuanzia 2016 hadi Julai 2018, bibi yake alipopatikana, na Mama alimpeleka hadi kwa bibi huyo, akamkabidhi pamoja na sweta mbili, akarudi, akalia siku mbili, siku ya tatu akaenda kazini. Waliosema anaiba watoto wa watu hawakuja kumwona akimrudisha.

Tarehe 7 Mei 2019 aliletwa Husna kutoka Kabwe, ana miaka mitano, mama yake amefariki, baba hajulikani. Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa Ramadhani. Kina mama fulani wa jumuiya, walio hapa na wanaojijua, walimjia wakisema mtoto abatizwe haraka. Mama, aliyekuwa hakosi misa, aliwajibu, "Mama yake alimwachia dini. Mimi nimepewa mtoto nimlee, sikupewa nimbadilishe." Kila Jumamosi akampeleka madrasa, akakaa kwenye ngazi za duka la Bi Sophia akimsubiri, upepo wa huku na baridi yake mnaujua, na waliokuwa wakipita wakicheka walipita wamejifunika vizuri.

Mwezi Septemba 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, akatibiwa hapa na baadaye Mbeya. Katika miezi tisa ya ugonjwa Mzee Adolfu alikuja mara moja, tarehe 2 Februari, akakaa dakika kama ishirini, akauliza hati ya kiwanja inatunzwa wapi. Mama alimwambia, "Adolfu, umeniuliza hati kabla hujaniuliza hali." Akafariki Jumatatu ya tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mkono.

Siku hiyohiyo, mwili ukiwa bado mochwari, Mzee Adolfu alimpigia ndugu Yohanes simu, akamwambia aje amchukue Husna leo leo, kwa kuwa chumba kinahitajika kwa wageni wa msiba. Ukoo uliokosa nafasi ya mtoto wa miaka kumi na mmoja ulikuwa umeshapata nafasi ya magodoro. Ndugu Yohanes alimjibu kwamba hakuna anayehamishwa, na kwamba Mama, akiwa kitandani, alikuwa ameshaomba Husna apewe walezi wengine, na kibali kimetoka tangu tarehe 26 Mei kwa Bi Sophia na mumewe Mzee Azizi. Kuhusu nyumba, wosia upo, umeandikwa na kushuhudiwa, utasomwa kwa utaratibu wake, na naona kwa wengine hii ndiyo mara ya kwanza kusikia.

Familia, na ninaposema familia najua ninaowasema, inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa wodini waliokuja kumwogesha kwa zamu bila kuombwa, ndugu Yohanes, walezi wenzake sita, ambao nawaomba sasa wasogee mbele, Bi Sophia na Mzee Azizi, na majirani wote waliochota hata ndoo moja ya maji. Wengine walikuja kutazama, nao wameshatazama, chakula kipo, wale.

Mama, Husna amekaa katikati ya Bi Sophia na Mzee Azizi, begi lake la shule liko kwao tangu jana, na kesho kutwa ana mtihani. Hakuna uliyemwacha njiani. Lala sasa, mama yangu, upumzike kwa amani.